Kichwa cha Yatima na Wembe wa Mwanafunzi

Waarabu wana methali ya zamani isemayo kwamba kinyozi hujifunza kunyoa kwa kichwa cha yatima. Maana yake si ngumu. Kinyozi aliye mgeni katika kazi yake hathubutu kushika kichwa cha tajiri, kwani akimkata atadaiwa. Wala hashiki kichwa cha mtoto mwenye baba, kwani baba atakuja juu. Bali yatima hana wa kumsemea, na hata akitoka damu hapana atakayeuliza. Basi wembe hujaribiwa pale. Methali hii ni kali, nami nimeichagua kwa makusudi, kwa sababu katika nchi yetu ya Tanzania ipo kazi ambayo mtu akiitazama kwa haraka aweza kusema kwamba ni methali hiyo hiyo iliyotiwa katika vitendo. Ni kazi ya kuwafundisha watu wa vijijini wapate kuwasaidia watoto walio katika dhiki pamoja na jamaa zao; nao hawafundishwi kwa miaka mingi ya chuo, bali hufundishwa katika kazi yenyewe, huku wakiifanya.

Nauliza basi: je, ni haki mtu ajifunze kazi yake juu ya maisha ya mtoto asiye na mtetezi?

Tueleze kwanza jambo lilivyo. Chuo chetu cha kazi hii ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii, iliyoko Kijitonyama katika mji wa Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Kwa muda mrefu wahitimu wake hawakutosha. Ugonjwa wa ukimwi ulipokwisha kuacha nyumba nyingi zikishikwa na bibi au na kaka mwenye miaka kumi na mitano, wilaya nyingi hazikuwa na afisa ustawi wa jamii hata mmoja. Ndipo tangu mwaka 2007 hivi Taasisi hiyo, ikisaidiwa na chuo cha Jane Addams kilicho katika Chuo Kikuu cha Illinois huko Chicago, na kwa fedha za Marekani, ikaanza kuwafundisha wasaidizi wa ustawi wa jamii. Utaratibu wao ulikuwa huu: mtu wa kijiji aliyechaguliwa hukaa darasani siku chache tu, kisha hurudi kwao akafanya kazi muda wa miezi kama sita chini ya msimamizi, kisha huitwa tena darasani, akiwa sasa na maswali yake mwenyewe yaliyotoka nyumba alizozitembelea. Baadaye, katika mradi ulioitwa Kizazi Kipya, wa mwaka 2016 hadi 2021, maelfu ya watu wa kujitolea walifanya kazi ya namna hiyo wakienda nyumba kwa nyumba.

Yafaa kujua pia kwamba huyo Jane Addams, ambaye chuo kile chaitwa kwa jina lake, hakusoma kazi hii popote. Mwaka 1889 yeye na rafiki yake Ellen Gates Starr walihamia katika nyumba moja iliyoitwa Hull House, katika mtaa wa maskini na wageni huko Chicago, wakajifunza kwa kukaa na majirani. Shule ya kwanza ya kazi ya namna hii ilifunguliwa Amsterdam mwaka 1899, yaani miaka kumi baadaye. Kwa hiyo hata walimu wa walimu wetu walijifunza kazini, na mahali fulani palikuwapo vichwa vya kwanza. Sisemi hili kwa kumlaumu mtu. Nasema tu kwamba swali hili halikuzaliwa kwetu, wala umaskini wetu si asili yake.

Lakini wako watu wasemao kwamba swali lenyewe ni la bure, maana kuwasaidia watoto maskini hakuhitaji mafunzo, kwahitaji moyo. Mwenye huruma atoe, asiye nayo hata akifundishwa miaka saba hatakuwa nayo. Maneno haya nimeyasikia barazani mara nyingi, tena kwa watu wenye akili. Nami ningependa kuwajibu kwa habari ya Kilwa Kisiwani yenyewe.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa, wakati mji ule ulipokuwa katika fahari yake kwa biashara ya dhahabu ya kusini. Sultani wake alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa jina la Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipaji, kwa wingi wa utoaji wake. Msafiri huyo asimulia kwamba siku moja ya Ijumaa, Sultani alipokuwa akitoka msikitini kwenda kwake, fukara mmoja kutoka Yemeni alimsimamisha njiani, akamwomba nguo alizovaa. Sultani hakukasirika. Alirudi, akaingia nyumba ya khatibu, akavua nguo zake, akavaa nyingine, akampa maskini zile alizozitaka. Watu wakashangaa kwa unyenyekevu wake. Kisha mwanawe akazichukua tena nguo zile kwa yule fukara, na badala yake akampa watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyousifu ukarimu ule, akaamuru fukara aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Habari hii husimuliwa kwa sifa, na kweli si kila mfalme angalivua nguo zake njiani. Ila mimi kila niisomapo, fikira zangu huacha kumtazama yule fukara huwaendea wale ishirini. Walikuwa nani? Walitoka kijiji gani cha bara? Je, hapakuwamo mtoto kati yao? Hawakutajwa hata kwa jina moja. Moyo wa Sultani ulikuwa wazi kabisa, na mkono wake ulikuwa wazi, lakini jicho lake lilimwona yule aliyesimama mbele yake akiomba, halikuwaona waliokuwa wakitolewa. Wala hakuwa mtu mbaya kuliko wenzake; hakufundishwa kuona. Hivi ndivyo huruma peke yake iwezavyo kufanya: humjaza mmoja mikono, na katika tendo lile lile ikawakanyaga wengine, wala isijue.

Mtu aweza kusema kwamba hayo ni mambo ya kale, na utumwa umekwisha. Sawa. Tuchukue jambo la leo, na tuliweke papo hapo kisiwani, ijapokuwa mfano huu ni wa kutunga na watu wake hawako.

Kilwa Kisiwani imetengwa na Kilwa Masoko kwa mkono wa bahari wa kama kilomita mbili. Ashukaye pwani huonekana. Mtu akivuka na daftari kwapani, watoto wachezao ufuoni wamekwisha kupeleka habari kabla hajakausha miguu yake. Tuseme basi yuko msichana wa miaka kumi na mitatu akaaye kwa mjomba wake, kwa kuwa mama amekwenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Msichana ameacha kwenda shule. Mtu mwema, mwenye moyo, asiyefundishwa, anapata habari hiyo. Huenda saa sita mchana akachukua sukari na sabuni, akaketi uani mbele ya watu wote wa nyumba, akamwuliza mtoto, “Mbona huji shule? Nani anakutesa, mwanangu?” Mtoto hutazama chini. Mjomba hucheka kidogo, husema mtoto ni mvivu. Mgeni huaga. Kesho yake kisimani watu wote wanajua kwamba nyumba ya fulani imeandikwa katika daftari, na tangu siku ile mlango wa nyumba hiyo hufunguka nusu tu. Na kama palikuwa na ubaya ndani, aliyeutenda ameonywa kwa wakati, amejua kwamba watu wameanza kuuliza, na mtoto amebaki naye.

Aliyefundishwa huanza mahali pengine. Siku ya kwanza huzungumza na mke wa mjomba habari za pweza na bei yake, wala daftari hatoi. Hutazama ni nani alaye kwanza na ni nani achotaye maji, na watoto hulala chumba gani. Hurudi tena. Pengine safari ya tatu au ya nne mtoto mwenyewe humsindikiza hadi penye mashua, akasema neno moja. Hapo ndipo penye ugumu kuliko pote, maana mtoto akisema, jambo la kwanza aombalo ni siri: “Usimwambie mtu.” Moyo mwema hujibu upesi, “Sitamwambia.” Na hilo ndilo jibu asiloruhusiwa kulitoa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humpasa kila mtu wa jamii aliye na ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa apeleke habari kwa serikali ya mahali pale. Kwa hiyo aliyeahidi kunyamaza atavunja ama sheria ama neno lake, na vyovyote iwavyo aumiaye ni mtoto, ambaye atajifunza kwamba hata yule mmoja aliyemwamini alikuwa mwongo. Aliyefundishwa hujibu kwa upole kwamba hatalitangaza jambo hili kijijini, lakini yuko mtu mmoja au wawili ambao lazima awaambie ili mtoto asaidiwe, na humwambia ni akina nani. Kisha hujua njia: afisa ustawi wa jamii huko Masoko, dawati la jinsia na watoto la polisi, hospitali ya Kinyonga huko Kilwa Kivinje ikiwa mtoto ameumizwa, na namba 116 ya simu, ambayo hupigwa bila malipo kwa ajili ya mambo ya watoto.

Hakuna moyo uzaliwao ukijua hayo. Tena jibu lile la siri, nadhani, mtu hawezi kulishika sawasawa kwa kulisoma ubaoni. Alisomaye ubaoni huliandika na kuliona rahisi. Penye mashua, mtoto akilia, hulisahau.

Mababu zetu wa pwani hii walilijua jambo hili kwa namna yao. Kungwi hakufanywa kwa siku moja. Mwanamke aliketi kando ya kungwi mkubwa mwaka hata mwaka, akishika vyombo, akiitikia, akinyamaza, mpaka aonekane kwamba maneno aliyoyasikia ndani hayakuwahi kutoka nje. Na msichana alikuwa na somo wake, mtu wa kumwendea kwa jambo lisilosemeka kwa mama. Sisemi kwamba yote yaliyofundishwa unyagoni yafaa kwa leo, mengine hayafai. Bali njia ya kumwandaa mtu anayebeba siri za watoto ilikuwa njia ya kazini, na polepole, na chini ya jicho la mwingine. Nashangaa kwamba wale watungao mafunzo mapya huko mijini huyaandika kama kwamba vijiji vyetu vilikuwa ukurasa mtupu.

Sasa narudi kwenye wembe, maana sijalijibu swali, na bibi mmoja aweza kuniambia: “Mwalimu, umethibitisha kwamba kazi hujifunzwa kwa kuitenda. Vema. Basi yule mtoto wa kwanza, ambaye juu yake mwanafunzi wako alikosea, utamwambia nini?”

Tutazame fundi wa mashua. Kijana ajapo kwa fundi hapewi mkuku siku ya kwanza, wala haachiwi kuchonga mataruma peke yake. Hupewa kukalafati, kupachika pamba katika maungano ya mbao, na fundi hupita nyuma yake akigonga kwa kidole. Akiharibu ubao, hutupwa, na mwingine hukatwa. Hapa ndipo mfano unapovunjika, na lazima tukubali kwamba umevunjika: mtoto hatupwi akakatwa mwingine. Lakini sehemu moja ya mfano husimama imara, nayo ni yule fundi apitaye nyuma. Kijana hukosea kila siku, na mashua haizami, kwa sababu kati ya kosa lake na bahari upo mkono wa mtu mwingine.

Hiyo kwangu ndiyo tofauti kati ya haki na dhuluma katika jambo hili. Kinyozi wa methali hatendi dhuluma kwa kuwa ni mwanafunzi. Hutenda dhuluma kwa kuwa yuko peke yake, na kwa kuwa alimchagua yatima kwa sababu ya kutokuwa na mtetezi. Mweke kinyozi mkubwa nyuma yake amshike mkono, kisha mpe kwanza kichwa cha ndugu yake mwenyewe, na methali imepoteza ukali wake. Sisi walimu tusijitoe katika hukumu hii. Kila mwaka wanafunzi wa ualimu huletwa shuleni kwa mazoezi, na mara nyingi hupewa lile darasa ambalo wakubwa hawaoni hasara likivurugika, huku darasa la mtihani likilindwa. Ni kichwa cha yatima tu, ila kimewekewa madawati.

Tena kukataa kuanza nako kuna bei yake. Uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2009 juu ya ukatili kwa watoto, na kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walipatwa na ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na wengi wao hawakumwambia mtu. Watoto hao hawawezi kungoja mpaka kila kijiji kipate mtu mwenye shahada. Kichwa kisichonyolewa kwa kuogopa wembe nacho huota chawa. Asemaye, “Tusiwaguse mpaka tuwe mafundi,” hajiepushi na kosa. Amechagua kosa lisiloonekana, ambalo hakuna daftari litakaloliandika.

Kwa hiyo naona swali la kweli ni hili: bei ya kujifunza hulipwa na nani? Haiwezi kufutwa, lakini yaweza kuhamishwa. Mwanafunzi aweza kuibeba sehemu yake kwa kwenda polepole, kwa kusema “sijui, nitauliza,” mbele ya watu waliotazamia kwamba ajue, neno ambalo kwa mtu aliyepewa fulana na cheti ni chungu. Msimamizi aweza kuibeba sehemu yake kwa kuvuka bahari. Nasema kuvuka bahari, si kupiga simu kutoka Masoko kuuliza nyumba ngapi zimetembelewa mwezi huu. Hesabu ya nyumba haionyeshi mtoto aliulizwa mbele ya nani. Na halmashauri, ambayo sheria ile ile ya mwaka 2009 imeipa wajibu wa kuwalinda watoto walio katika eneo lake, yaweza kuibeba sehemu yake kwa jambo dogo kabisa, nauli ya mashua ya msimamizi huyo. Mahali ambapo nauli hiyo haikutolewa, usimamizi hubaki katika karatasi, na bei yote humrudia mtoto.

Na yule msaidizi mwenyewe, je? Twamwita mtu wa kujitolea, na neno hili ni zuri, lakini tusilitumie kama blanketi la kufunika deni. Mtu aachaye shamba lake au mshipi wake siku mbili kwa juma ili asikilize taabu za nyumba za wengine ana watoto wake nao wale. Akiishiwa, huacha, na akiacha, yale aliyojifunza kwa gharama ya watoto wa kwanza hupotea pamoja naye, na mwingine huanza tena na wembe mpya. Hii ni hasara ambayo sijasikia ikitajwa katika mikutano.

Mwezi wa Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake mingi ya nchi za nje, na katikati ya mwaka huo shirika lake la USAID likafungwa. Miradi mingi iliyotegemea fedha hizo katika nchi zetu ilisimama ghafula. Wako walioona katika jambo hilo habari za siasa, na wako walioona habari za dawa na mishahara. Mimi nimelifikiri kwa upande wa mtoto aliyezoea kwamba kila mwezi mama fulani hupita, huketi, humwuliza habari za shule, na mwezi mmoja hakupita. Mtoto aliyekwisha kuachwa na mama na baba huhesabu kuachwa huku pamoja na kule. Je, walifundishwa wasaidizi wetu namna ya kuaga? Yampasa kila aingiaye nyumba ya mtoto wa namna hii aseme tangu siku ya kwanza atakuwapo kwa muda gani, na kwamba baada yake atakuja nani. Na kama hapana wa kuja baada yake, afikiri sana kabla ya kumfungua mtoto moyo.

Limebaki jambo moja ambalo sijapata jibu lake, nami naliweka mbele ya wasomaji wa gazeti hili. Katika mji mkubwa mtoto aweza kupelekwa chumba kilichofungwa akasema. Katika kisiwa ambacho kila mlango huonekana na mlango mwingine, mtoto asemee wapi? Wengine wamesema shuleni, lakini shule ina madirisha, na watoto wenzake hujua ni nani aliyeitwa na mwalimu. Wengine wamesema zahanati, kwa kuwa kila mtu huenda zahanati na haulizwi sababu. Wengine husema afuatwe pwani wakati wa bamvua, maji yakitoka, wanawake na watoto wanapotawanyika kwenye mwamba kutafuta pweza, kila mmoja mbali na mwenzake, na sauti haifiki. Wasomaji wa Songo Mnara, na Songosongo, na Mafia, mnaokaa katika visiwa kama hivi, tafadhali andikeni kwa mhariri mtuambie kwenu watoto husemea wapi.